Mto, Mwezi, Upepo: Majina ya Kibohemia na Maana Zake

Septemba 1969, katika hospitali moja ya Los Angeles, mwanamuziki Frank Zappa na mkewe Gail walipata mtoto wa kiume. Jina walikuwa nalo tayari: Dweezil. Halimo katika kamusi yoyote. Ndivyo Frank alivyokuwa akikiita kidole kidogo cha mguu wa mkewe, kilichojikunja kwa namna iliyomfurahisha, na akaona jina hilo linamfaa mwanawe. Muuguzi aliyeshika fomu alikataa kuliandika. Baba akaamua kumtajia majina ya rafiki zake, na mtoto akatoka hospitalini akiitwa, kwa maandishi, Ian Donald Calvin Euclid Zappa. Nyumbani hakuna aliyemwita Ian. Alipofikia umri wa miaka mitano hivi aligundua kwamba karatasi za serikali zinamtambua kwa jina jingine, akaja juu, akadai jina lake. Wazazi wakalirekebisha kisheria. Dada yake, aliyezaliwa 1967, alikuwa ameshaitwa Moon Unit: Moon ni mwezi, na Unit, kwa maelezo ya baba, ni kwa sababu kuzaliwa kwake ndiko kulikowafanya kuwa familia moja.

Majina ya aina hii yana wapenzi wengi leo. Vitabu vya kuwasaidia wazazi wa Marekani na Uingereza kuchagua jina huyatengea sehemu yake, na kuyaita majina ya kibohemia: Luna, River, Willow, Sage, Juniper, Bodhi, Indigo, Sienna, Wren. Ukiyasoma pamoja unapata picha ya nyumba yenye mimea dirishani, zulia la rangi nyingi na gita ukutani. Lakini kabla ya kuwa mtindo, yalikuwa tamko. Mzazi aliyemwita mwanawe Mto alikuwa anawaambia wazazi wake mwenyewe, na kanisa lake, na msajili wa vizazi, kwamba mtoto huyu hatafuata njia yao. Ndiyo maana maana ya jina kama hilo haiishii kwenye kamusi. Ni lazima kujua mzazi alikuwa anaondoka wapi, na mtoto alilifanyia nini jina hilo alipokua.

Neno lenyewe lina historia inayouma. Bohemia ni eneo lililo leo katika Jamhuri ya Cheki. Waroma, watu ambao Waingereza waliwaita majipsi, walitoka kaskazini mwa India karibu miaka elfu moja iliyopita, na walipofika Ufaransa katika karne ya 15 wenyeji waliamini kwamba wametokea Bohemia. Wakawaita watu wa huko. Karne nne baadaye jina hilo likahamishiwa kwa vijana wa Paris waliokuwa wakiandika, wakichora na kupiga muziki katika vyumba vya juu visivyo na moto wakati wa baridi, wenye madeni kwa mwenye nyumba na kwa mwenye mgahawa. Henri Murger, mtoto wa fundi cherehani, aliyaishi maisha hayo akayaandika; kitabu chake cha 1851 ndicho kilicholieneza neno, na opera ya Puccini, La bohème, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Turin mwaka 1896, ikalifikisha duniani kote.

Waroma wenyewe hawakupata faida yoyote kwa jina hilo kugeuka kuwa la kupendeza. Waliendelea kufukuzwa mji hadi mji, na katika Vita Kuu ya Pili Wanazi waliwaua kwa malaki. Katika Bulgaria ya kikomunisti, Waroma Waislamu walikuwa miongoni mwa watu waliolazimishwa kuyaacha majina yao na kuandikwa kwa majina ya Kibulgaria. Msanii wa London au San Francisco alipojivika ushanga na shali na kujiita mbohemia, alikuwa ameazima sura ya watu ambao uhuru wa kumtaja mtoto wao watakavyo walinyang'anywa. Jambo hili halitajwi katika vitabu vya majina, na lingestahili kutajwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Wabohemia wa Paris hawakuwapa watoto wao majina ya ajabu, na sababu yake ni sheria. Tangu Aprili 1803, wakati wa Napoleon, Ufaransa iliruhusu majina yaliyomo katika kalenda na yale ya watu mashuhuri wa historia ya kale tu. Msajili angeweza kukataa jina jingine lolote, na alikataa. Kwa hiyo wasanii waliyageuza majina yao wenyewe. Aurore Dupin akawa George Sand. Félix Tournachon, mpiga picha, akawa Nadar. Baadaye Alice Prin, msichana kutoka Burgundy aliyekuwa akikaa mbele ya wachoraji wa Montparnasse, akawa Kiki. Hata katika hadithi ya Puccini, mshona maua anayempenda mshairi anaeleza kwamba watu humwita Mimì ingawa jina lake ni Lucia. Sheria hiyo ilidumu, kwa kulegezwa kidogo kidogo, hadi Januari 1993. Kabla ya hapo familia moja ya Bretagne iliyotaka majina ya Kibretoni ilikaa miaka mingi huku baadhi ya watoto wake hawatambuliwi na serikali.

Uingereza haikuwa na kizuizi hicho, na huko ndiko tunakoipata familia ya kwanza ya kibohemia kwa maana kamili ya majina. Mchoraji Augustus John, mzaliwa wa Wales, alijifunza lugha ya Waroma alipokuwa Liverpool, akanunua gari la kukokotwa na farasi, akazunguka nalo mashambani na wanawake wawili na watoto wengi. Mmoja wa wanawake hao, Dorothy McNeill, John alimbandika jina la Dorelia, naye akajulikana hivyo hadi kufa. Mwaka 1905 Dorelia alijifungua katika nyanda za Dartmoor, ndani ya gari hilo, na mtoto akaitwa Pyramus, jina la kijana mpenzi katika hadithi ya kale ya Ovid. Pyramus alifariki akiwa mdogo. Wengine waliitwa Caspar, Romilly, Edwin, Robin, na binti mmoja akaitwa Poppet, neno ambalo Waingereza humwitia mtoto wanayembembeleza. Watoto walitembea miguu mitupu, nywele ndefu, na wapita njia waliwashangaa. Na Caspar? Alijiunga na jeshi la majini akiwa mvulana, akapanda cheo baada ya cheo, na kuanzia 1960 hadi 1963 alikuwa mkuu wa jeshi la majini la Uingereza. Aliyelelewa bila ratiba alichagua maisha ya ratiba kuliko zote.

Mlipuko mkubwa ulitokea California. Majira ya joto ya 1967, vijana kwa maelfu walimiminika katika mtaa wa Haight-Ashbury mjini San Francisco. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na vijana wa kiume waliitwa jeshini kwa majina yaleyale ya babu zao: John, Robert, William. Vijana hao, walioitwa mahipi, walipoanza kuzaa, wengi katika jumuiya za mashambani walikolima na kula pamoja, waliyaogopa majina hayo. Wakayatafuta mengine juani, mtoni, mashambani, angani. Maana ilikuwa wazi, haikuhitaji kasisi wala kamusi ya Kilatini: mtoto ni sehemu ya dunia, si mali ya ukoo wala ya serikali.

Si kila kilichosimuliwa kilikuwa kweli. Mwimbaji Grace Slick alipojifungua Januari 1971, alimwambia muuguzi kwamba binti ataitwa mungu, kwa herufi ndogo ili mtoto awe mnyenyekevu. Muuguzi alimwamini, habari ikazagaa magazetini. Ulikuwa utani. Binti aliandikishwa China Wing Kantner. Lakini utani huo uliaminika kirahisi kwa sababu umma ulikuwa umeshazoea kusikia lolote kutoka kwa mahipi.

Familia inayostahili kuangaliwa kwa karibu ni ile ya John Lee Bottom na Arlyn Dunetz. John alikuwa seremala na mtunza bustani kutoka California. Arlyn alikuwa ameiacha ndoa na kazi ya ukarani New York, akaondoka kwa kuomba lifti barabarani. Walikutana, wakawa wanahamahama. Agosti 1970, katika mji mdogo wa Madras, Oregon, mtoto wao wa kwanza alizaliwa, wakamwita River Jude. River walilitoa katika riwaya ya Siddhartha ya Hermann Hesse, ambamo mto ndio mwalimu wa mwisho wa mhusika mkuu. Jude ni kutokana na wimbo wa Beatles. Kitabu hicho cha 1922 cha Mjerumani kilikuwa mikononi mwa vijana wengi wa Marekani wa wakati ule. Basi jina la mtoto mmoja linatuonyesha kabati la vitabu na santuri za wazazi wake.

Mwaka 1972, Texas, akazaliwa Rain, yaani Mvua. Kisha familia ikajiunga na dhehebu lililowapeleka Amerika ya Kilatini kuhubiri, na huko jina likabadili mwelekeo: mvulana aliyezaliwa Puerto Rico mwaka 1974 aliitwa Joaquin, jina la Kihispania la kawaida kabisa. Wakafuata Liberty, uhuru, na Summer, majira ya joto. Walipovunjika moyo na dhehebu, wazazi walirudi Marekani maskini, na mwaka 1979 wakaliacha jina la ukoo la Bottom, wakachukua Phoenix: ndege wa hekaya anayeungua akafufuka katika majivu yake. Mama naye akajiita Heart, moyo. Hakuna kamusi itakayoeleza Phoenix vizuri kuliko mwaka huo wa familia hiyo.

Joaquin alijiona ametengwa. Kaka Mto, dada Mvua, yeye peke yake mtakatifu wa Kihispania. Akiwa na umri wa miaka minne hivi, baba akikusanya majani uani, mtoto alijichagulia jina la Leaf, Jani. Filamu zake za utotoni zina jina hilo. Alipokaribia utu uzima akarudi kwenye Joaquin, na kwa jina hilo akashinda tuzo ya Oscar mwaka 2020. River hakufika huko. Alikufa Los Angeles tarehe 31 Oktoba 1993, akiwa na miaka 23, kwa sumu ya dawa za kulevya, akiwa mwigizaji aliyependwa kuliko wengi wa rika lake. Miaka iliyofuata wazazi wasiomjua kabisa walianza kuwaita watoto wao River, wavulana na wasichana. Na mtoto wa Joaquin mwenyewe ameitwa River. Jina lililoanza kama mto wa kitabuni sasa ni jina la marehemu linalorithiwa, desturi ambayo kila bibi wa Pemba au Kisumu angeielewa bila kuelezwa.

Njia nyingine ya majina haya ilipita nchi kavu. Kutoka Istanbul, kupitia Tehran na Kabul, hadi Delhi na Kathmandu, vijana wa Ulaya na Marekani walisafiri kwa mabasi mabovu mpaka mapinduzi ya Iran na uvamizi wa Afghanistan vilipoifunga njia hiyo mwaka 1979. Walirudi na vitambaa, ubani na majina. Wengine walikuwa wamezama zaidi: Robert Thurman, Mmarekani wa kwanza kutawazwa na Dalai Lama kuwa mtawa wa Kibuddha wa Kitibeti, aliuacha utawa, akaoa, akawa profesa wa dini hiyo, na binti yake aliyezaliwa 1970 akamwita Uma Karuna. Uma ni mojawapo ya majina ya mungu wa kike wa Wahindu, mke wa Shiva. Karuna ni huruma. Kaka zake wana majina ya Kitibeti. George Harrison wa Beatles alipopata mwana mwaka 1978 alimwita Dhani, akiziunganisha dha na ni, sauti ya sita na ya saba katika ngazi ya muziki wa Kihindi aliyojifunza kwa mwanamuziki wa huko Ravi Shankar. Bodhi, kwa Kisanskriti ni kuamka kwa akili, huko huko Buddha alikokupata chini ya mti. Wazazi wengi wa leo walilisikia kwanza katika filamu ya Point Break ya 1991, likiwa jina la mwizi wa benki anayepanda mawimbi.

Pale New York, mtaa wa Greenwich Village ulikuwa na bohemia yake, na ndani yake alikuwamo mshairi mweusi aliyezaliwa Newark mwaka 1934, LeRoi Jones. Alihariri jarida, alichapisha washairi wenzake, alioa mwanamke mweupe Myahudi, na mabinti zao waliitwa Kellie na Lisa. Malcolm X, kiongozi wa Wamarekani weusi, alipouawa Februari 1965, Jones aliiacha bohemia akahamia Harlem, kisha akarudi Newark. Huko alipewa jina la Kiarabu, na Maulana Karenga, mwanzilishi wa sikukuu ya Kwanzaa ya 1966, akalipa sura ya Kiswahili: Amiri Baraka. Watoto waliofuata waliitwa Obalaji, Ras, Shani, Ahi. Ras ndiye aliyekuja kuwa meya wa Newark.

Kwa nini Kiswahili, wakati mababu wa Wamarekani weusi wengi walichukuliwa Afrika ya Magharibi na ya Kati? Kwa sababu hakikuwa cha kabila moja, na kwa sababu miaka ile Tanzania ya Nyerere ilikuwa ikitazamwa kama mfano wa Afrika inayojitawala. Karenga aliyachagua maneno saba kuwa nguzo za Kwanzaa, na mawili kati yake, Nia na Imani, yakaingia kwenye vyeti vya kuzaliwa. Mshairi Don L. Lee wa Chicago akajiita Haki Madhubuti. Mwaka 1972 Ogonna Chuks-orji alichapisha huko Chicago kitabu kidogo cha majina ya Kiafrika na maana zake, na wazazi wakakigombania. Mahipi weupe walikuwa wanayakimbia majina ya babu zao. Weusi walikuwa wanayatafuta ya kwao, yaliyopotea baharini, na kwa kuwa hayakuwepo kwenye daftari lolote la mwenye shamba la watumwa, walichukua yaliyopatikana. Ni tendo zito kuliko kumwita mtoto Mwezi, na haitoshi kuliweka kundi moja na mapenzi ya ushanga na ubani.

Hata hivyo soko huyachanganya yote. Mwaka 1991 kampuni ya Mattel ilitoa mwanasesere mweusi aitwaye Shani, na mwenzake akiitwa Asha. Leo Zuri limo katika majina 1,000 yanayotumiwa zaidi kwa wasichana wa Marekani, na vitabu huliweka baina ya Willow na Luna. Mswahili wa Lamu aliyetaka kumsifu binti kwa uzuri angemwita Jamila. Zuri peke yake lingemshangaza. Asha nalo lina mizizi miwili katika vitabu hivyo, Aisha wa pwani yetu na tumaini la Kisanskriti, na familia nyingi zimelipenda kwa sababu zote mbili.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akajiuliza mshangao wa Wamarekani ulikuwa wa nini. Mwanamke wa Kijaluo aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Akoth, na hakuna msajili aliyewahi kulikataa jina hilo kwa kuwa geni. Mkalenjin wa hali hiyohiyo ni Cherop, kaka yake Kiprop. Atieno ni wa usiku. Pwani kuna Zuhura, sayari ing'aayo alfajiri, Shamsa, jua, Najma, nyota, kuna Asumini na Lulu na Marjani. Tofauti ni kwamba Akoth halikuchaguliwa ili kumtofautisha mtoto na ukoo. Ukoo ndio ulioshuhudia mvua, na jina likabaki kama ushahidi. Rain Phoenix alipewa mvua ya mawazo, ya nyimbo na ya matumaini ya wazazi wawili waliokuwa peke yao barabarani.

Sasa yachukuliwe yale yanayopendwa leo. Luna ni mwezi kwa Kilatini, na mungu wa mwezi wa Warumi. Kwa miongo mingi lilikuwa limetoweka katika orodha ya majina 1,000 ya Marekani, likarudi 2003, mwaka uleule Luna Lovegood alipoingia katika vitabu vya Harry Potter. Na familia zenye asili ya Amerika ya Kusini, ambako jina halikuwahi kuwa la ajabu, zililibeba pia. Mwaka 2022 lilikuwa la 10 kwa wasichana nchi nzima. Lililochaguliwa ili mtoto asifanane na yeyote sasa linaweza kuwa na wenye nalo zaidi ya mmoja darasani.

Willow ni mti wa kando ya maji wenye matawi yanayoinama. Juniper una ndugu kwetu: mtarakwa wa Mlima Kenya na Aberdare, ambao Tanzania huitwa mwangati, ni wa jenasi hiyohiyo, mti mgumu wenye harufu kali uliotengenezewa penseli na nguzo za ua kwa sababu mchwa hauuwezi. Mzazi wa Portland anayemwita binti Juniper huwaza kichaka kidogo chenye tunda la rangi ya samawati. Mkazi wa Nyandarua angewaza nguzo ya boma. Indigo ni nili. Saffron ni zafarani. Sage ni jani la kiungo lenye harufu, na kwa Kiingereza neno hilohilo ni mtu mwenye hekima, kwa hiyo mzazi hupata maana mbili kwa jina moja.

Sienna ndilo la kibohemia kuliko yote, ingawa wengi hulidhani ni jina la mji tu. Karibu na mji wa Siena nchini Italia kulichimbwa udongo wenye chuma, wa kahawia iliyoelekea njano. Ukichomwa hugeuka mwekundu wa matofali. Wachoraji waliusaga, wakauchanganya na mafuta, na umekuwa kwenye ubao wa rangi wa wachoraji tangu enzi za Renaissance. Jina la mtoto lilipanda baada ya mwigizaji Sienna Miller kuonekana London na kwenye tamasha la Glastonbury mwaka 2004, amevaa sketi ndefu na mkanda mpana wenye sarafu. Magazeti ya mitindo yakapata kichwa cha habari cha msimu.

Yapo yenye umri mkubwa kuliko mahipi wote. Dylan na Rhiannon yanatoka katika Mabinogi, hekaya za Wales zilizoandikwa zama za kati. Dylan ni mtoto aliyebatizwa akakimbilia baharini na kuogelea kama samaki. Rhiannon ni mwanamke juu ya farasi ambaye hakuna mpanda farasi awezaye kumfikia, hata farasi wake akienda polepole. La kwanza lilivuka bahari na mshairi Dylan Thomas, kisha likasambaa zaidi kijana Robert Zimmerman wa Minnesota alipojiita Bob Dylan na kulihalalisha mahakamani 1962. La pili mwimbaji Stevie Nicks alilikuta katika riwaya aliyokuwa akiisoma, akaliimba na Fleetwood Mac mwaka 1975, na mabinti wa Marekani wakaanza kuitwa hivyo na wazazi wasioijua Wales.

Na waliopewa majina haya, wanasema nini? Wengi wanakaa nayo kwa furaha. Wengine huyavua. Mwana wa mwanamuziki David Bowie aliyezaliwa 1971 alijulikana duniani kama Zowie Bowie, jina linalopendeza masikioni mwa kila mtu isipokuwa mvulana anayekwenda nalo shule. Kwenye cheti, wazazi walikuwa wamemwekea akiba: Duncan Zowie Haywood Jones. Leo ni Duncan Jones, mwongozaji wa filamu, na filamu yake ya kwanza ndefu, ya 2009, inaitwa Moon. Waigizaji David Carradine na Barbara Hershey walimwita mwana wao Free, Huru. Alipokuwa bado mdogo alijibadili kuwa Tom. Binti ya mpiga gita Keith Richards, aliyezaliwa Uswisi mwaka 1972, alipewa jina la ua pori la njano, Dandelion. Hospitali ilikuwa ya Wakatoliki na ikashikilia liongezwe jina la kawaida, wakaongeza Angela. Alilelewa na bibi yake Dartford, na bibi huyo alimwita Angela tangu mwanzo. Ni Angela mpaka leo.

Hapa ndipo mzazi anapopaswa kufikiri kwa makini kuliko kwenye kamusi. Duncan, Tom na Angela hawakuwakana wazazi wao. Walitumia uhuru uleule waliofundishwa. Ushauri wa busara unaopatikana katika historia hii ni ule wa Bowie: mpe mtoto jina la ndoto yako, na uliweke kando yake jina jingine analoweza kuombea kazi, halafu mwache achague. Aliyemwita mwanawe Huru akakasirika anapojiita Tom hajalielewa jina alilolitoa.

Serikali nazo bado zimo. Januari 2015, mahakama ya Valenciennes, kaskazini mwa Ufaransa, ilikataa binti kuitwa Fraise, tunda la stroberi, kwa hoja kwamba atachekwa. Wazazi wakachagua Fraisine, jina la karne ya 19. Iceland ina kamati ya majina tangu 1991, yenye orodha ya yaliyokubalika ya kike na ya kiume. Mama mmoja wa huko alimpenda mhusika wa kike katika riwaya ya Halldór Laxness, mwandishi wa nchi hiyo aliyeshinda Nobel, akampa bintiye jina hilo: Blær, upepo mwanana. Kasisi alimbatiza, kisha ikagundulika kwamba kamati inalihesabu neno hilo kuwa la kiume. Kwa miaka 15 hati za serikali zilimwandika binti huyo Stúlka, yaani Msichana. Kila aliposafiri au kwenda benki ilibidi aeleze. Tarehe 31 Januari 2013 mahakama ya Reykjavík iliamua kwamba ana haki ya kuitwa Blær, na mwaka 2019 bunge likapitisha sheria iliyoondoa mpaka wa majina ya kike na ya kiume kwa wote. Kamati ingali inafanya kazi: jina jipya lisiloweza kubadilika kwa kanuni za sarufi ya Kiaislandi bado hurudishwa kwa mzazi.